Mkeka wa Bi Kudra

Haya, mmenikamata. Nimekaa zangu uani natwanga mpunga, simsumbui mtu, ananijia mjukuu wangu Doto na kalamu na karatasi kutoka zahanati anakofanya kazi, huko Bungu. Ati, "Bibi, tuandikie siri ya kuzeeka na nguvu zako, tuwasomee wazee wanaokuja kutibiwa." Siri! Mie nimeficha nini? Mchi unaniona, jua linaniona, majirani wananiona nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Tena mie kusoma nimesomea ngumbaru, ukubwani. Herufi nazisukuma moja moja kama mtumbwi uliokwama topeni. Na huyo anayeniuliza habari za nguvu ndiye huyo huyo aliyenitenda jambo juzi juzi. Lakini hilo nitalisema mwisho, nisije nikaichana karatasi kwa hasira.

Siri sina. Ninaye Bi Kudra. Huyo ni mama yake babu yangu Nasor. Miguu hii ni yake na ukaidi huu ni wake. Aliyotendwa alitendwa na mtoto wa tumbo lake, wakati wa vita vya Maji Maji, na mie nimeyasikia kwa kinywa chake mwenyewe nikiwa kigori. Basi kaeni vizuri, na asiyetaka kusikiliza akachote maji.

Bi Kudra alikaa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya Mohoro. Kijiji chenyewe usiende kukitafuta, mto umekwishakila. Mumewe, Mwinjuma, alifariki akamwachia mtumbwi mmoja, shamba moja la bondeni na mtoto mmoja wa kiume. Umri wake mwanamke huyo haukujulikana, na yeye hakuutafuta. Nywele zilikuwa nyeupe pe, kama pamba ile ile iliyokuja kuleta vita. Lakini alfajiri, kabla ya adhana, ungemkuta kesha kushuka ngazi za dungu, kesha koga maji ya baridi, yumo ndani ya mtumbwi na pondo, mti wa kusukumia, mkononi anakwenda kutazama migono yake, mitego ya kambale. Akirudi anapalilia. Akitoka kupalilia anatwanga. Chakula chake kilikuwa samaki, mlenda, kisamvu, na ubwabwa siku mojamoja. Na hakupenda kuletewa kata ya maji akiwa amekaa. "Mtungi uko pale na mie niko hapa," akisema, "tutakutana."

Watu wakimstaajabia alikuwa na neno moja. "Mwili ni mtumbwi. Utie majini utadumu. Ukiuvuta kando ukauacha juani, hata uwe wa mti gani, utapasuka."

Sasa niwaeleze dungu, maana vijana wa barabarani hawalijui. Watu wa bondeni, msimu wa kilimo, hawalali majumbani. Mtu hujenga kibanda cha juu katikati ya shamba lake, juu ya miti mirefu, akapanda kwa ngazi. Maji ya mto yakifurika yanapita chini yake, nguruwe akija anamwona, ndege wakija anawapigia kelele. Hilo ndilo dungu. Na ada yao ilikuwa hivi: mzee akishindwa ngazi, mtoto wake mkubwa hupanda, akakunja mkeka wa mzee, akauteremsha. Hapo huambiwa fulani ameshushwa. Kuanzia siku hiyo hukaa nyumbani kwa wanawe, ukutani, analetewa. Mkeka ukishashuka haupandi tena, ila siku mwenyewe akifa hutandikwa uani, watu wakausomea.

Bi Kudra alikuwa na mwenziwe, Siti, waliochezwa unyago pamoja. Siti alishushwa mwaka mmoja kabla ya vita, naye alifurahi.

"Kudra wee, nimestarehe!" akamwambia. "Uji unanifuata hapa hapa nilipo."

"Na miguu je, wanakuletea?"

"Husuda hiyo, shoga yangu. Mwanao hakupendi, ndiyo maana bado unapanda miti kama ngedere."

Wakacheka. Lakini mavuno yalipokwisha, Bi Kudra alikwenda kumtazama akamkuta miguu imekuwa kama makafi mawili yaliyosahauliwa juani. Siti akamshika mkono, hakucheka tena.

"Wasikushushe, Kudra. Mie nilidhani napumzishwa. Kumbe nawekwa."

Hakufika msimu uliofuata. Mkeka wake ukatandikwa uani ukasomewa, na Bi Kudra akarudi shambani akafunga kamba mpya kwenye ngazi yake, moja baada ya nyingine, akiapa kwamba mkeka wake hatauteremsha mtu.

Nasor hakuwa mtoto mbaya. Yeye ni babu yangu, nitasema haki. Alizaliwa dhaifu, mafuriko yakamkuta mchanga, na mama yake alimbeba mgongoni kwenye maji ya kifua mpaka nchi kavu, akamnyonyesha mpaka watu wakamzomea. Alikua mpole, mwenye haya, mtu wa kutaka kusifiwa. Na huko ndiko alikoharibikia, maana watu walimcheka. Walimwambia, mama yako mvi kichwani bado anavua, wewe mwanamume unafanya nini? Maneno hayo yakamkaa rohoni kama mwiba wa kambale.

Akaja dunguni na mkewe Biasha, wakasimama chini, Biasha na kuku mkononi wa kumlainisha.

"Mama, shuka sasa," Nasor akaanza. "Umefanya kazi inatosha."

"Nani kapima akaona inatosha?"

"Watu wanasema, mama."

"Watu hao waambie waje wapalilie, nione wanasemea wapi."

Biasha akaingia kati kwa sauti ya asali. "Mama mkwe, sisi tunakuonea huruma tu. Na ukishushwa jumbe hatakupeleka kwenye pamba. Walioshushwa hawapelekwi."

Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa miaka ile ya shamba la pamba la serikali, watu wanatolewa majumbani kwa kiboko kwenda kulima zao lisilolika. Bi Kudra naye alikuwa akienda, akichapwa akinyamaza. Akawatazama kutoka juu.

"Fimbo ya msimamizi naijua, mkazamwana. Inaumiza ikapita. Lakini mkeka ukishuka haupandi. Rudini na kuku wenu. Au mwacheni kuku, nyie rudini."

Kuku alimchukua.

Basi zikaanza zile habari za kunong'onezana. Kwamba huko Ngarambe kumetokea mganga mkubwa, ana maji ya dawa. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Watu wakaenda makundi kwa makundi, wengine wakimuaga msimamizi ati wanakwenda kuzuru makaburi. Nasor alikwenda. Akarudi kifua mbele, na bua la mtama limefungwa shingoni, na kibuyu kidogo cha maji kiunoni. Hata kutembea kwake kulibadilika.

Bi Kudra akakishika kibuyu, akakinusa.

"Yanazuia risasi?"

"Yanazuia, mama. Walioyaona wameona."

"Na uzee je, yanauzuia? Maana risasi mie sijaiona, uzee unakuja kila siku."

"Mama, usiitanie dawa!"

"Simtanii mtu. Nauliza kama mganga wenu amefikiria kila kitu."

Lakini usiku huo alifurahi. Aliniambia mwenyewe. Alifurahi kwa kuwa mtoto wake aliyekuwa dhaifu amekwenda kwa miguu mpaka Ngarambe na kurudi. Akadhani maji yamempa moyo. Mtu akimzaa mtu humtafutia sifa hata penye giza.

Vita vikaja kweli. Pamba ikang'olewa kule Umatumbini, ngoma zikalia, vijana wakaenda wakiimba. Kisha siku chache zikapita, kuimba kukakoma, na watu wakaanza kuona moshi. Si moshi wa kuchoma shamba. Ule unajulikana, mweupe na mwepesi. Huu ulikuwa mweusi, wa paa za makuti na ghala zenye nafaka. Askari walikuwa wakishuka na mto, kijiji baada ya kijiji.

Ilikuwa asubuhi, Bi Kudra yuko juu anawinga ndege kwenye mahindi ya mlau, yale yapandwayo maji yakishakupwa. Akamwona Nasor anakuja mbio, na nyuma yake Biasha na watoto, aliyebebwa mgongoni ndiye Tabu, mama yangu. Biasha alikuwa amejitwisha na kanda la mpunga. Nasor naye kanda lingine begani. Makanda yote mawili yametoka ghala la Bi Kudra.

"Mama, wanachoma! Tunakimbilia deltani, mikokoni. Askari hawawezi kutembea mle."

"Vyema. Pakia watoto, mie nishike kafi. Mikono ile ya mto hakuna aijuaye kama mie."

Nasor hakumtazama. Alikuwa akitazama mtumbwi. "Mtumbwi mdogo, mama. Utalemewa."

"Basi shusha kanda moja. Kanda moja na mie uzito wetu mmoja."

Biasha akajitia kumfunga mtoto mbeleko ambayo ilikuwa imekwishafungwa.

"Tutakula nini huko, mama?" Nasor akasema taratibu. "Nitawafikisha hawa, nishushe mzigo, nirudi nikufuate. Jua halitatua."

Ndipo Bi Kudra akafanya alifanyalo kila mama. Aliamini. Akashuka ngazi, akamwonyesha kwa kidole kwenye udongo: usifuate mkono mpana wa mto, chombo cha moshi cha Wajerumani hupita huko, shika mkono mwembamba, utaona mkoko uliopigwa radi, hapo pinda, ngojea maji yajae, usisukume maji yakipwa utakwama, mbele kuna kisiwa chenye minazi, marehemu baba yako alikuwa akilala pale. Akamwambia yote. Akamkabidhi pondo na kafi kwa mikono yake miwili.

Nasor akapanda dunguni, akashuka na mkeka wa mama yake ameukunja kwapani.

"Watoto walalie, mama. Huko tope tupu."

"Walalie," akasema Bi Kudra.

Mwisho kabisa Nasor akafungua kile kibuyu kiunoni. Akammwagia mama yake matone kichwani, akamtia kibuyu mkononi. "Haya yatakulinda mpaka nirudi. Kaa juu. Usihofu."

Mtumbwi ukaondoka. Akasimama akiutazama mpaka ukapotea. Akapanda juu, akaendelea kuwinga ndege wake, maana ndege hawajui vita.

Jua likapanda likashuka. Wenye mitumbwi waliokuwa wamebaki wakapita, kila mmoja akimpungia mkono bila kusimama. Jua lilipogusa miti, Bi Kudra akaingia ndani apumzishe mgongo. Akanyoosha mkono kutafuta mkeka. Mkono ukagusa fito tupu.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Mtu utakayerudi kumchukua humchukulii mkeka. Watoto wale walikuwa na mikeka yao, aliiona mtumbwini imefungwa pamoja na masufuria. Nasor alipanda, akakunja, akateremsha. Mbele ya macho yake alimshusha dunguni, na yeye mwenyewe akasema, walalie. Tena hakumpeleka hata kwenye ukuta wa nyumba kama Siti. Alimwacha juu ya fito, na kibuyu cha maji.

"Sikulia," aliniambia. "Kulia ni kwa mtu aliyefiwa. Mie ndiye niliyekuwa nimekufa, na marehemu halii."

Kulipopambazuka akafunga kanga mbili kiunoni, akachukua panga, kibuyu na mahindi mabichi, akashuka ngazi zake. Hakuuvuka mto mkubwa; alishika njia ya ukingoni, kwenye matete, akifuata maji yanakoelekea. Nyuma yake, kabla jua halijawa kali, moshi mweusi ukainuka. Aliponigeuzia uso kunihadithia hapo alisema dungu lake lilikuwa na kamba mpya, na kamba mpya huwaka upesi.

Nisiwachoshe kwa njia yote. Alitembea. Mguu ulipouma alitembea na maumivu yake kama mtu atembeavyo na mtoto mtukutu, anamshika mkono wanakwenda. Mito midogo aliivuka kwa kukumbatia shina la mgomba na kupiga miguu. Penye minazi alikula nazi, pasipo na minazi alitafuna mahindi yake mabichi. Vijana aliowapita njiani walikuwa wamekaa, nyayo zimechanika. Yeye nyayo zake zilikuwa zimekwisha kuwa ngumu kwa miaka mingi ya kukataa kukaa. Kila hatua aliyopiga alikuwa ameilipia zamani, siku zile walipokuwa wakimwambia apumzike.

Penye mwanzo wa mikoko akamkuta kijana amelala ubavu chini ya mti, paja limefungwa kitambaa kilicholowa damu. Shingoni ana bua la mtama kama la Nasor.

"Shikamoo bibi," akasema, kwa adabu zake, hata katika hali ile.

"Marahaba mwanangu. Nani wewe?"

"Abdalah. Wa Umwe. Bibi, una maji?"

Bi Kudra akakitazama kibuyu mkononi. Akamfungulia. Kijana alipokipeleka mdomoni akaona bua dogo la mtama lililofungwa kwenye shingo ya kibuyu, akajua ni maji gani. Akarudisha mkono.

"Haya ndiyo yale?"

"Ndiyo."

Kijana akaanza kulia, machozi ya mwanamume, yasiyo na sauti. "Tuliyaamini, bibi. Tulisimama wima. Ndugu yangu alisimama wima akipunga mkono, ati waje. Tumesalitiwa."

"Nimejua," akasema Bi Kudra. "Mie pia nimeachiwa haya haya. Sasa kunywa, mwanangu. Ni maji. Kiu yanaiweza."

Akayanywa yote. Bi Kudra akamfunga paja upya kwa upande wa kanga yake, akamkatia gongo, akamwambia, "Simama. Ukikaa hapa utakuwa mti." Wakaenda pamoja, kijana akimwegemea bibi, mpaka wakakutana na watu wa kwao Abdalah, wakamchukua. Kibuyu kitupu Bi Kudra hakukitupa. Alikuwa na mtu wa kumrudishia.

Watu hao walikuwa na mtumbwi. Wakamvusha mpaka kwenye mkoko uliopigwa radi, na kutoka pale, maji yalipokupwa, akaenda kwa miguu juu ya mizizi na tope, mpaka akaiona ile minazi ya kisiwani. Akasikia sauti za watu wengi zikisoma pamoja. Akaijua. Ilikuwa khitima.

Akatoka mikokoni, tope mpaka mapajani, akasimama nyuma ya wanawake waliokaa. Mbele yao, uani, umetandikwa mkeka. Aliujua kwa ushanga wake mwekundu pembeni, aliusuka mwenyewe. Harufu ya wali ilikuwa imejaa hewani.

Akamwinamia mwanamke wa mwisho, ambaye hakumjua.

"Aliyefariki nani, mwenzangu?"

"Mama yake Nasor. Maskini, uzee. Alianguka wakati wanampakia mtumbwini, roho ikatoka pale pale. Mwanawe amelia mpaka sauti imekauka."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Wanasema mkaidi."

"Hilo kweli," akasema Bi Kudra. "Nipakulie wali. Nimetoka mbali."

Akapakuliwa. Akakaa chini, akala wali wa matanga yake. Aliniambia alipotia tonge la kwanza mdomoni aliujua mpunga ule: ule mwekundu kidogo wa kona ya shamba lake, uliokaa mtumbwini mahali pake. Akala mpaka akashiba, kwa kuwa mwili hauna kosa.

Biasha ndiye aliyemwona kwanza. Aliachia sinia likaanguka, akapiga yowe, "Mzuka!" Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Wengine wakakimbilia majini. Mwalimu Bashiru aliyekuwa akiongoza kisomo akabaki na mkono juu, hajui aombe au akimbie.

"Endelea tu, mwalimu," akasema Bi Kudra akilamba vidole. "Dua haitupwi. Mie bado nitaihitaji."

Kisha akasimama. Nasor alikuwa amekaa karibu na mkeka, na hakukimbia. Mama yake akaenda mpaka mbele yake, akaweka kile kibuyu kitupu mapajani pake.

"Dawa yako imefanya kazi," akamwambia. "Hakuna risasi iliyonigusa. Iliyonigusa ni yako."

"Mama..." Nasor akaanza. "Nilijua huwezi... nilidhani safari... ningerudije, askari walikuwa..."

"Ungesema hukuweza kurudi, ningekuamini. Mtu anashindwa. Lakini uliuchukua mkeka kabla hujajua kama utashindwa. Ulinipima uzito na kanda la mpunga, Nasor, kanda likashinda. Ulinizika nikiwa nawinga ndege wasile mahindi yako."

Nasor akaanguka miguuni pake. Hapo Mwalimu Bashiru akapata sauti yake, akasogea kwa heshima.

"Bi Kudra, ni vita. Vita vinamtoa mtu utu. Mpe mwanao radhi. Kaeni pamoja, akulishe, upumzike."

"Umesema mwenyewe, mwalimu. Hilo la kulishwa ndilo lililoniua mara ya kwanza." Akainama, akaukunja mkeka wake, polepole, kona kwa kona, watu wote wanatazama, akautia kwapani. "Mtoto simlaani. Nimemnyonyesha kwa shida, siwezi kuitapika shida hiyo. Lakini radhi si mate, mtu akayatema akiombwa. Naomba mtumbwi wangu."

Akaenda penye mitumbwi, akauona wake, akatia mkeka ndani, akachukua kafi. Kanda la pili la mpunga lilikuwa bado mtumbwini. Akaliteremsha, akaliweka chini, kavu, mbele ya Biasha. "Mtoto asife njaa," akasema. Maji yalikuwa yamejaa. Akaondoka nayo.

Alijificha huko huko mikokoni, peke yake, mpaka askari walipopungua. Kisha akarudi bondeni kwenye majivu yake, akakata miti, akajenga dungu jipya mwenyewe, akapanda. Ndipo ikaja ile njaa, ambayo iliua watu kuliko bunduki, maana waliobaki walikuwa hawana mbegu wala mikono. Bi Kudra alikuwa na vyote viwili. Nasor akaja na kikapu kitupu. Bi Kudra alimwona tangu mbali. Akashuka, akamjazia kikapu, akakiweka chini ya ngazi. Nasor akatia mguu ngazi ya kwanza.

"Hapo hapo," akamwambia.

Na ilikuwa hivyo miaka yote. Alimpa chakula, alimwuliza hali, aliwafundisha wanawe kuvua. Mama yangu Tabu alikulia mikononi mwake. Lakini Nasor hakupanda dungu lile tena. Mpaka akawa mzee yeye mwenyewe, magoti yamekwisha, anakaa chini ya ngazi akipiga miayo, na mama yake anapita juu ya kichwa chake na ndoo ya maji. Nilimwona kwa macho yangu. Nikimwuliza Bi Kudra, "Bibi, humsamehe babu?" ananijibu, "Shika mchi."

Siku aliyokufa Bi Kudra ulikuwa msimu wa kuvuna. Tulikwenda asubuhi, mie na mama, tukamkuta babu Nasor amesimama chini ya ngazi, hajasogea. Mkeka wenye ushanga mwekundu ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kamba, umeegemezwa chini ya ngazi. Aliuteremsha mwenyewe. Kisha akapanda tena, akalala juu ya fito tupu, akafa juu.

Babu Nasor aliushika mkeka ule akaukumbatia, akatuuliza sisi, mie mtoto na mama yangu, "Huu kaniachia mie? Au kausogeza tu nisiuchukue?" Alikufa akiuliza.

Sasa wewe Doto. Juzi nimekwenda kutafuta jembe langu na pondo langu, sikuviona. Baba yako anatazama ukuta. Mkewe anasema, mama pumzika. Na wewe unanisogezea kalamu, ati niandike siri ya nguvu. Nimekwisha kuandika. Mmevitia darini, nimeuona mpini kwenye tundu. Viteremsheni kabla jua halijatua leo, na aliyeviweka ndiye avishushe, kwa mikono yake, aniletee uani nikiwa nimesimama.

Na weye uliyesomewa haya pale zahanati, usikae ukitikisa kichwa. Inuka. Nenda nyumbani kwa mama yako, uangalie umemfichia nini ukasema ni huruma. Mrudishie. Kisha rudi umwambie Doto jina la kitu hicho, naye aje aniambie mie. Nangojea.